Mtumba unaotoka: nini ununue, uchambue vipi, uuze wapi

Kabla ya kwenda sokoni, piga hesabu hii kwenye karatasi. Bei zilizotumika ni za mfano. Weka za kwako za wiki hiyo.

Belo la nguo kwa kawaida lina kilo 45. Fulana ya mtu mzima ina gramu 180 hadi 200, kwa hiyo ndani ya belo la fulana mna pisi 225 hadi 250. Tuchukue 240. Tuseme umelinunua kwa shilingi za Tanzania 450,000, toyo (pikipiki ya mizigo) hadi nyumbani 15,000, sabuni, maji, pasi na mifuko 20,000, ushuru na mlinzi wa meza 15,000. Jumla 500,000.

Ukilichambua belo la gredi ya kati utapata mafungu manne. Kali, yaani zisizo na doa, zenye jina au rangi inayopendwa na saizi nzuri, tuseme 36. Za kati, nzima lakini za kawaida, 132. Za chini, zilizopauka au kuvutika shingo, 48. Taka 24. Kali unauza 7,000, za kati 3,000, za chini 1,000. Ukipata bei hizo zote inakuwa 252,000 na 396,000 na 48,000, jumla 696,000. Lakini hutazipata zote. Theluthi ya fungu la kati, pisi 44, itakaa mpaka uishushe kuwa 1,500, na hapo zinakatika 66,000. Mkononi unabaki na 630,000. Faida 130,000.

Sasa angalia kosa la wengi. Mtu anagawa 500,000 kwa 240, anapata kama 2,080 kwa pisi, halafu anamwaga zote mezani kwa bei moja ya 3,000 akidhani kila pisi inamwachia karibu elfu moja. Wateja wa asubuhi wanaondoka na zile kali 36. Kila moja imeuzwa pungufu ya 4,000, jumla 144,000. Faida yote ya belo imeondoka kabla ya saa nne, na mwenye meza amebaki na hasara ya 14,000 pamoja na mlima wa fulana zilizopauka. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba belo lilikuwa baya, muulize kwanza zile kali aliziuza bei gani.

Anza kwa kuchagua, belo baadaye

Mwenye mtaji wa chini ya laki tatu asinunue belo. Anunue pisi za kuchagua kwa wanaofungua mabelo. Dar es Salaam wengi huenda Karume, Ilala. Moshi ni Memorial. Mwanza ni Mlango Mmoja. Nairobi ni Gikomba na Toi. Mombasa ni Kongowea. Siku za kufungua mzigo hutofautiana kwa kila mwuzaji, kwa hiyo muulize mwuzaji wa aina unayoitaka anafungua lini, na uwepo alfajiri, kabla belo halijakatwa kamba. Bei hushuka kwa saa: chaguo la kwanza ni ghali, la pili nafuu, mabaki ya jioni yanauzwa kwa fungu. Nairobi mali ya kwanza huitwa kamera na mabaki ya mwisho fagia.

Kuchagua kunakugharimu zaidi kwa pisi, lakini hununui taka hata moja, na unajifunza kwa pesa ndogo ni nini wateja wako wanakichukua. Pisi 30 zinatosha kuanzia. Zikiisha ndani ya wiki mbili, rudia aina ileile. Zisipoisha, tatizo ni aina au bei, na umelijua bila kufunga laki tano.

Nenda na tochi ya simu, futi kamba ya fundi cherehani na wembe. Kila nguo ipitie mikono kwa mpangilio mmoja ili usisahau kitu: shingo, kwapa, vifungo na zipu, mapaja na makalio, pindo, kisha igeuze ndani nje uiangalie mishono. Inue kwenye mwanga. Tundu la nondo halionekani nguo ikiwa mezani, linaonekana kwenye mwanga. Nguo yenye mpira vuta kiunoni na usikilize. Ukisikia mlio mdogo kama majani makavu, mpira umekufa na mteja atairudisha baada ya kufua mara moja.

Belo: kusoma lebo na kulifungua

Lebo ya belo huandikwa aina, gredi, uzito na alama ya kiwanda kilichochambua. Iliyoandikwa krimu ndiyo ya juu, halafu A, B na kushuka, lakini gredi haina sheria moja duniani. A ya mchambuzi mmoja ni B ya mwingine. Unachokiamini ni alama ya kiwanda. Ukipata belo zuri, piga picha lebo na uitunze, na safari nyingine uombe hiyohiyo. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mzoefu na mgeni dukani: mgeni anaomba belo la magauni, mzoefu anataja alama.

Nchi ilikotoka nayo inaamua. Mabelo ya China na Korea huwa na nguo mpyampya za mtindo wa karibuni, ila saizi ni ndogo: L ya Korea hukaribia M au hata S ya Uingereza, na suruali zake ni nyembamba kwenye nyonga. Kwa mteja wa kike wa kwetu hilo ni jambo zito. Suruali inayopita kiunoni na kukwama kwenye hipsi haiuziki hata kwa bei ya matambara. Mabelo ya Uingereza, Ujerumani, Kanada na Marekani yana saizi pana na pamba nzito, ila huja na makoti na mashati ya kizamani mengi. Kumbuka pia namba hazifanani: gauni namba 12 la Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Mwuzaji asiyejua hili anamwambia mteja wa 12 kwamba gauni la Marekani la 8 halimtoshi, na mauzo yanaondoka na miguu yake.

Wakati wa kununua:

1. Pima belo. Likikosa kilo tatu, umekosa fulana 15.
2. Angalia kamba na gunia. Kamba zilizofungwa upya au gunia lililoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine ni dalili kwamba limefunguliwa, kali zimetolewa na mabaki yamerudishwa.
3. Gusa pembe za chini. Unyevu au madoa ya kahawia maana yake ukungu ndani, na ukungu wa belo lililobanwa miezi haufuliki.
4. Dai risiti yenye aina na uzito, na mkubaliane kabla: likitoka aina tofauti na lebo, linarudi au halirudi? Maduka mengi hayarudishi. Baadhi hukubali ukilifungulia palepale mbele yao.

Fungua mahali pakavu juu ya turubai safi, asubuhi ili uone rangi vizuri. Hesabu pisi zote kabla ya kumwuzia mtu yeyote, hata jirani. Kisha chambua mafungu manne, na fungu la kali lifunge kwenye begi lake. Lisilale mezani na wenzake hata dakika moja.

Zinazotoka na zinazolala

Nguo za watoto wa miaka 2 hadi 10 ndizo zinazotoka bila kelele. Mtoto anakua, mama anarudi kila baada ya miezi michache, na haulizi jina la kampuni. Anauliza zipu na madoa. Pisi ni nyepesi, belo moja linaweza kuzidi 300, kwa hiyo hata bei ndogo inajaza. Tatizo lake ni wingi wa nguo za vichanga ambazo wazazi wa mara ya kwanza hupendelea kununua mpya. Zifunge tano tano, vitambaa laini pamoja, uuze kwa fungu.

Mashuka, taulo, mapazia na vifuniko vya makochi havina saizi ya mwili, na hiyo ndiyo thamani yake. Shuka halimbani mtu. Pima urefu na upana, andika kwenye karatasi ubane na pini: mteja mwenye kitanda cha futi tano kwa sita anataka kujua litafunika au litaning'inia. Mapazia yauze kwa jozi. Pazia moja pekee ni la jikoni au la kumpelekea fundi wa mito.

Jinzi huingia 65 hadi 75 kwa belo. Za kiume kiuno 32 hadi 36 zinaenda haraka, za kike zenye mvutiko zaidi. Jinzi ndefu usiikatae, fundi anaikata kwa pesa kidogo. Jinzi iliyochubuka mapajani kwa ndani iache, hapo kitambaa kimeshakonda na kitapasuka.

Sweta na makoti yanategemea ulipo. Dar na Mombasa yatakulia nafasi mwaka mzima. Njombe, Makambako, Mbeya, Iringa na Arusha yanatafutwa kuanzia Mei hadi Agosti, na mwenye akili huyanunua Dar mwezi Januari au Februari wakati hakuna anayeyataka. Mabegi ya shule na viatu vyeusi vinatakiwa wiki tatu kabla ya shule kufungua, yaani Desemba na mwishoni mwa Juni kwa Tanzania. Magauni na nguo za watoto za kutokea zinapanda kabla ya Idi na Krismasi. Kwenye minada ya vijijini fuata mavuno: Mtwara na Lindi pesa ya korosho huanza kuonekana Oktoba minada ya zao inapofunguliwa, na kabla ya hapo utauza kwa mkopo.

Zinazolala: suti za mabega mapana, mashati ya mikono mirefu ya kola kubwa, suruali ndogo za kike, na chochote cha ngozi ya bandia kilichozeeka. Hiki cha mwisho kinahitaji maelezo. Mikoba na jaketi nyingi zinazoitwa ngozi ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya poliyurethani. Joto na unyevunyevu wa pwani huivunja plastiki hiyo polepole; siku ya kununua inang'aa, baada ya miezi miwili inabanduka kama ngozi ya nyoka. Kunja kona ya mkoba kwa nguvu. Ukiona mistari midogo myeupe, rudisha.

Chupi na nguo nyingine za ndani za mtumba ni marufuku Tanzania, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) pamoja na halmashauri hufanya misako na kuziteketeza. Zikitokea ndani ya belo, zitenge pamoja na taka. Usizitandike.

Viatu

Belo la viatu mara nyingi ni kilo 25, na raba za watu wazima zinatoka jozi 25 hadi 30. Kiatu ndicho chenye faida kubwa kwa pisi, na ndicho chenye mtego mkubwa. Soli za poliyurethani, zile nyepesi laini za katikati kwenye raba nyingi na buti za kupandia milima, huoza kwa unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu kinaonekana kipya, mteja anakivaa, na baada ya mita mia mbili soli inavunjika vipande kama keki. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikirudi ni nzima. Ikibaki na alama au ikitoa unga, imekufa na gundi haitaifufua.

Mengine ni mepesi. Linganisha kushoto na kulia, namba na kina cha soli. Ingiza mkono ndani mpaka kwenye vidole, utagundua kitambaa kilichotoboka. Chungulia kisigino, kilicholika upande mmoja kitampinda mteja. Osha kwa brashi ya mswaki na sabuni ya maji, toa kamba na soli ya ndani vioshwe peke yake, na vikauke kivulini, kwa sababu jua kali hufungua gundi na kuifanya soli nyeupe iwe ya njano. Kamba mpya nyeupe ni pesa ndogo na inapandisha bei ya raba kuliko kitu kingine chochote utakachofanya. Namba 40 hadi 44 za kiume na 37 hadi 40 za kike zisikose. Namba 46 nunua ukiwa na mteja wake.

Kufua na kutengeneza

Fungu la kali na la kati lazima vipite majini. Harufu ya mtumba inatokana na kubanwa muda mrefu, na mteja wa mtandaoni akiisikia siku ya kupokea mzigo, harudi. Loweka nusu saa kwenye ndoo ya lita 20 yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kamua, kisha fua kwa sabuni ya unga kama kawaida. Jiki itumie kwa pamba nyeupe tupu: inaila nyuzi za kuvutika na huweza kuifanya poliesta iwe ya njano. Na usiimimine jiki kwenye maji yenye siki. Hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, hasa ukifulia bafuni.

Anika ukiwa umegeuza ndani nje. Vipilipili vya sweta nyoa kwa wembe mpya ukiulaza, huku kitambaa kimenyooshwa kwenye meza. Doa la wino lipe spiriti kwa pamba, ukigonga bila kusugua. Kwa vifungo na zipu weka utaratibu na fundi mmoja: unampelekea pisi 20 kwa mkupuo, mnaelewana bei ya jumla. Ukimpelekea moja moja, ufundi utakula faida. Zipu ya jinzi ibadilishwe kwa nguo ya fungu la kali tu.

Kuuza

Mezani, tenga bei kwa macho. Za chini zimwage juu ya turubai, mteja apekue. Watu wanaamini kilichomwagwa ni rahisi. Za kati zipange kwa aina. Kali zitundike kwenye hanga, zimepigwa pasi, urefu wa macho, na sanamu moja ivae ile nzuri kuliko zote. Usiiuze ya sanamu siku ya kwanza, ndiyo inayovuta watu. Bei ya kuanzia iwe juu kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko unayoitaka, kwa sababu mteja wa mezani asiyepunguziwa anajiona kapigwa.

Mtandaoni ni kinyume chake. Taja bei kwenye picha. "Njoo DM" inawachosha wanunuzi na wanapita. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, mandhari ya ukuta mmoja usio na mambo mengi, picha nne: mbele, nyuma, lebo, na kasoro kama ipo. Kasoro ikionyeshwa mapema inakuwa sehemu ya bei. Andika vipimo kwa sentimita nguo ikiwa imelazwa: kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, urefu. Kwa sababu pisi ni moja moja, tumia namba. "Gauni namba 14" ni rahisi kuliko "lile la maua". Status ya WhatsApp inakaa saa 24, hivyo weka saa moja hadi tatu usiku watu wakiwa nyumbani, pisi 10 hadi 15 tu. Zikifika 40, hakuna atakayefika mwisho. Tarehe 25 mpaka 5 weka kali. Katikati ya mwezi toa mafungu ya bei ndogo.

Kushika bila malipo ni ugonjwa wa biashara hii. Weka sharti: anayetaka atume nusu, au pisi inaachiwa mwingine baada ya saa mbili. Nauli ya bodaboda au ya kutuma kwa basi mkoani alipe mteja, na umwambie kabla.

Meseji ya malipo usiiamini kwa kuiona. Wapo wanaotunga meseji inayofanana kabisa na ya mtandao, wengine wanakuonyesha kwenye simu yao. Angalia salio mwenyewe: M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#. Bodaboda asiondoke mpaka salio limesoma.

Wiki mbili baada ya kufungua belo, shusha za kati zilizobaki hadi nusu. Wiki ya tatu ziuze zote kwa fungu kwa machinga wa kutembeza au mtu wa mnada. Inauma, ila 60,000 ya leo inaingia kwenye belo lijalo, na fulana zilizolala chini ya kitanda miezi mitatu hazijawahi kupanda bei.

Vitu vya nyumbani na vya umeme

Hapa pisi ni chache na kila kosa ni kubwa, kwa hiyo kagua kitu mpaka mwenye nacho achoke.

Laptopu za ofisini zilizotumika, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, zinauzika kuliko zile nyembamba za urembo, kwa kuwa vipuri vipo na fundi yeyote anazifungua. Soma namba ya prosesa: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Inaamua bei, kwani Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tangu 14 Oktoba 2025. Kizazi cha 6 kinunue kwa bei ya chini na umwambie mteja ukweli. Andika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa sasa. Chini ya nusu, punguza bei ya betri mpya. Zima, washa, ingia BIOS (mipangilio ya msingi kabla ya Windows kuwaka). Ikidai nenosiri usilolijua, acha.

Simu: bonyeza *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na iliyo kwenye boksi au trei ya laini, kisha itume kwenda 15090 ili uone kama inatambuliwa. Hakikisha mwenyewe ametoa akaunti yake ya Google au iCloud mbele yako na simu imewashwa upya hadi ukurasa wa mwanzo. Simu iliyofungwa akaunti ni spea.

Friji: soma kibao cha nyuma. Ya Ulaya ni volti 220 hadi 240, herzi 50, inaingia moja kwa moja kwenye umeme wetu. Ya Japani ni volti 100 na ya Marekani 120. Ukiichomeka bila transfoma inaungua hapohapo, na transfoma yenye nguvu ya kuanzisha kompresa inakula faida. Kama ilisafirishwa imelazwa, isimamishe kwa muda wa saa nne au zaidi kabla ya kuwasha, ili mafuta yaliyoingia kwenye mirija yarudi kwenye kompresa. Ikiwaka, ndani ya nusu saa hadi saa moja sehemu ya barafu lazima ianze kuganda na mirija ya nyuma iwe moto. Bana noti mlangoni na uvute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Yenye gesi R600a fundi asiichomelee kabla ya kutoa gesi, inashika moto.

Samani nunua kwa wanaohama, mwisho wa mwezi, kwani wana haraka. Mninga na mkongo hata ukiwa na mikwaruzo unapigwa msasa na vanishi na unarudi. Chipibodi iliyovimba chini kwa maji ya kudeki haitengenezeki, wala skurubu haishiki tena. Sofa na godoro geuza, chunguza mishono kwa tochi: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni kunguni. Usilete kitu hicho chumba kimoja na nguo. Wakiingia kwenye mzigo, umefunga biashara.

Kwa kila kifaa ulichonunua kwa mtu, andika mkataba wa nusu ukurasa: aina, namba ya kifaa, bei, tarehe, namba ya NIDA ya mwuzaji, simu yake, sahihi, na shahidi. Ukikutwa na mali ya wizi, polisi wataichukua na kesi itakuwa ya kwako. Karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha ulinunua wapi. Anayekataa kuonyesha kitambulisho amekwisha kukujibu.

Daftari, na zile taka

Safu sita zinatosha: tarehe, alama ya belo, idadi ya pisi kwa kila fungu, gharama yote, mauzo ya kila siku, na zilizobaki. Baada ya mabelo manne utaona alama ipi inakupa kali nyingi na ipi inakulisha taka, jambo ambalo kichwa peke yake hakilishiki. TIN ya TRA hutolewa bure, na ukianza kununua belo kwa belo utaihitaji kwa leseni na kwa risiti.

Taka usitupe. Za pamba kata vipande vya ukubwa wa sentimita 30, toa vifungo na zipu utunze kwa ajili ya fundi wako, funga kwa kilo na uwapelekee gereji na wachapishaji wa mabango. Poliesta wanaikataa, haifyonzi oili.